Mtunga Wimbo na Waliouvumisha

Wako watungaji ambao nyimbo zao zajulikana kuliko majina yao. Mmoja wao ni Mchungaji Bernard Kyamanywa, Mlutheri wa nchi yetu, aliyezaliwa mwaka 1938. Mwaka 1966 alitunga wimbo wa Pasaka uitwao “Mfurahini, Haleluya”.

Uzuri wa wimbo huu u katika unyofu wake. Hautafuti maneno mazito, bali wasimulia habari kwa taratibu: kaburi, siku tatu, malaika, na wanawake waliotumwa kupeleka habari njema. Baada ya kila ubeti watu wote huitikia kwa furaha, hata asiyejua kusoma. Huku Makongolosi, ambako dhahabu iliwakusanya watu wa makabila mengi, twajua faida ya wimbo wa namna hiyo.

Tena tuangalie jambo jingine. Nyimbo nyingi za vitabu vyetu zilifasiriwa kutoka lugha za Ulaya, na mara nyingi neno la Kiswahili huvutwa na kupindwa lipatane na sauti ya kigeni. Wimbo huu uligeuza safari hiyo. Howard Olson, mmisionari Mmarekani aliyefundisha Makumira, aliufasiri kwa Kiingereza. Ulrich Leupold akaandika maneno ya Kijerumani mwaka 1969, na leo ni wimbo wa 116 katika kitabu cha Kanisa la Kiinjili la Ujerumani. Safari hii wao ndio waliopatanisha maneno yao na sauti yetu.

Hatuwalaumu waliouvumisha, mbegu isiyopandwa na wengi haijazi mashamba. Lakini vitabu vyao, vikishamtaja Kyamanywa kwa maneno, juu ya sauti vyaandika tu kwamba yatoka Tanzania. Hapo twaona upungufu. Nchi haitungi wimbo. Kama ni sauti ya wazee, na itajwe ni ya watu gani, maana makabila yetu yapita mia moja.

Basi, enyi walimu wa kwaya, upungufu huu tusiuone kwa wageni peke yao. Ni nyimbo ngapi twazifundisha bila kumtaja aliyezitunga, naye pengine yu kijiji cha pili? Tuandikapo wimbo ubaoni, na tuandike na jina la mtu. Sifa ni za Mungu, lakini kazi ina mwenyewe.