Fizi zinavuja damu, moyo unashtakiwa

Bila shaka umeshatumiwa picha ya aina hii WhatsApp: jino, moyo, mshale mwekundu katikati, na ujumbe kwamba ukipiga mswaki vizuri utaepuka mshtuko wa moyo. Mswaki siupingi. Ugomvi wangu ni na huo mshale.

Hoja hii ilishika kasi mwaka 1989, watafiti wa Finland walipoona kwamba wagonjwa wa mshtuko wa moyo walikuwa na vinywa vibovu kuliko wenzao wazima. Tafiti nyingi zikafuata. Lakini hebu jiulize, nani huwa na fizi mbovu? Mvuta sigara. Mwenye kisukari. Mtu asiye na hela ya daktari wa meno, ambaye pengine hata presha hajapima. Hao hao ndio moyo huwasumbua. Sigara peke yake huharibu vyote viwili, fizi na moyo, bila kimoja kumgusa mwenzake.

Wazo lenyewe si la kijinga. Fizi zilizovimba ni kama kidonda kilicho wazi. Ukitafuna, bakteria huingia kwenye damu. DNA ya *Porphyromonas gingivalis* imekutwa hadi kwenye utando wa mafuta ndani ya mishipa. Sawa, ila kukutwa eneo la tukio si kuua.

Jaribio linalotajwa sana ni la Tonetti na wenzake, 2007: wagonjwa 120 wenye ugonjwa mkali wa fizi, nusu hivi wakasafishwa kwa kina. Kesho yake mishipa yao ilitanuka vibaya zaidi (hili mabango hayalitaji kabisa!), kisha baada ya miezi 6 ikawa bora kuliko ya wenzao. Kazi safi. Lakini soma kilichopimwa: mshipa wa mkono, siyo nani alipata mshtuko wa moyo. Mwaka 2012 Chama cha Moyo cha Marekani kilipopitia ushahidi, kilikubali kwamba uhusiano upo hata ukihesabu sigara na mengineyo, ila hakikuona ushahidi kwamba kutibu fizi huzuia ugonjwa wa mishipa ya moyo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba kuna mahali mshale ni wa kweli, na bango halipataji. Bakteria wa kinywani wanaweza kunasa kwenye vali ya moyo iliyoharibika na kuishambulia. Kwetu homa ya rumatiki bado inaharibu vali za watoto na vijana. Kama una vali ya bandia, au umewahi kupata maambukizi ya vali, mwambie daktari kabla hajakung'oa jino. Huenda ukahitaji antibayotiki kwanza. Na kama unameza dawa za presha, endelea nazo, hata meno yakiwa meupe kama maziwa.