Pima ya Bibi

Siku ya tatu, khitma ilipokwisha somwa na tanga kuanuliwa, wanawake wa nyumba moja huko Pemba walianza kukung'uta mikeka. Ilikuwa imetoka huku na huko, kama kawaida ya msiba: jirani kaleta mmoja, wifi kaleta miwili, majamvi yametoka msikitini. Hakuna mkeka ulioandikwa jina. Hata hivyo kila mmoja ulirudi kwa mwenyewe, na ile minane aliyoishona marehemu ikatengwa kando bila mabishano. Mama mmoja alipitisha kidole juu ya mshono, akasema, “Huu mkono wake.”

Wasukaji wa ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, hutambuana kwa mkono kama makarani wanavyotambuana kwa hati. Mkono wa bibi huyu, mama wa watoto saba, ulikuwa wa kukaza. Ukili wake ulikuwa mwembamba na kingo zake zimenyooka. Maji yakimwagika juu ya mkeka wake yalisimama kidogo kabla ya kupenya.

Kazi ilianzia bondeni, kwenye mikindu. Mkindu ni ndugu wa mtende, na wataalamu wa mimea wameiweka miti hiyo miwili katika jenasi moja ya Phoenix, ila mkindu wetu hupenda penye unyevu, kando ya mito na mabwawa. Kinachotafutwa ni kuti changa ambalo halijachanua, kwa kuwa kuti lililokwisha funguka huwa gumu na lenye kukwaruza. Bibi alikata moja akayaacha mengine, ili mti uendelee kuishi. Majani yakaanikwa juani siku kadhaa hadi ule ukijani ukatoka na weupe ukaingia. Kisha yakachanwa kwa urefu kuwa chane, zote upana mmoja, na hapo jicho la mtu hufanya kazi ya rula. Baadhi ya chane zilichemshwa katika rangi ya unga ya dukani, nyekundu, kijani na zambarau, ndani ya sufuria kuukuu ambayo hakuna mtoto aliyethubutu kuigusa. Chane kavu huvunjika, kwa hiyo kabla ya kusuka alizinyunyizia maji kwa ncha za vidole.

Halafu akasuka. Alisuka barazani, alisuka akingoja zamu kwenye kituo cha afya, alisuka njiani akienda kumjulia hali mzazi, bunda la ukili likiwa kwapani. Mazungumzo hayakukatika wala vidole havikukosea. Mabinti zake walifundishwa kwa neno moja tu. Mama alikuwa akiutazama ukili wa mtoto, anaugeuza upande wa pili, anaurudisha: “Fumua, mwanangu.” Hakupandisha sauti wala hakueleza kosa liko wapi. Mtoto alifumua, akaanza upya, na mara ya tatu au ya nne kosa likajionyesha lenyewe. Binti yake mkubwa anakiri kwamba alilia sana juu ya neno lile. Sasa yeye mwenyewe ni bibi, na mafunzo ya namna ile, yanayomwachia mtoto alione kosa lake kwa macho yake, yanastahili heshima kubwa kuliko inayopewa kazi za mikono katika nchi zetu.

Neno ukili limo katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 na katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981. Kamusi itakwambia ni utepe uliosukwa. Haitakwambia ukazwe kiasi gani.

Wala haitakwambia urefu wa pima ya kila msukaji. Ukili hupimwa kwa mwili wa msukaji: shibiri ni kiganja kilichotandazwa, dhiraa ni kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, pima ni mikono miwili iliyonyooshwa. Mkeka wa mita mbili kwa mita moja, wenye ukili wa upana wa vidole vinne, unataka karibu mita 26 za ukili. Kwa mwanamke mfupi ni zaidi ya pima kumi na sita, zote zimepita mikononi kipande kwa kipande kabla ya kuunganishwa kwa shazia, ile sindano ndefu ya mikeka.

Leo mikeka ya plastiki imejaa madukani, na haihitaji mtu kushuka bondeni. Hata hivyo, mjukuu anayefanya kazi Muscat alikuwa amemsimulia marehemu bibi kwa simu kwamba Oman nao husuka utepe wa majani ya mtende na kuushona kuwa mikeka na vikapu, na kwamba mwaka 2019 UNESCO iliorodhesha maarifa na ufundi wa mtende kwa nchi 14, Oman ikiwemo. Bibi aliuliza jambo moja: wanaukaza?

Chini ya kitanda cha marehemu lilikutwa bunda la ukili wa msala. Wiki zile za mwisho alikuwa akisema zimebaki pima nne. Kila penye pima moja alikuwa amefunga uzi mwekundu. Binti mkubwa aliufungua ukili uani, akaushika penye uzi mmoja kwa mkono wa kushoto, akanyoosha mikono yote miwili kuutafuta uzi wa pili. Uzi uliishia nyuma ya ncha za vidole vyake kwa karibu shibiri nzima. Mama yake alikuwa mfupi kiasi kile, na kwa miaka yote ile hakuwahi kumwona hivyo. Akakunja viwiko kidogo, na kidogo tena, hadi uzi ukaangukia kwenye ncha za vidole. Akakaa mkekani, akanyunyizia chane maji, na alipofika mahali pa kupima, alipima kwa viwiko vilivyokunjwa.