Bingwa wa Gofu na Mchoraji wa Viwanja

Huenda, msomaji, umesikia watu wakisifu kiwanja cha gofu kwa sababu tu kimechorwa na bingwa fulani. Sifa hiyo yataka kupimwa. Kuushinda mchezo ni kazi moja. Kuutandaza juu ya ardhi, kwa ajili ya watu ambao hawatakuwa mabingwa kamwe, ni kazi nyingine.

Twaa habari ya Severiano Ballesteros wa Uhispania. Mwaka 1978 alishinda mashindano ya Kenya Open, na katika ufundi wa kuokoa mpira uliopotea wachache mno walimfikia. Walakini alipolichora upya shimo la 17 la Valderrama, kwao Uhispania, palikuwa na bwawa mbele na ukingo wa mteremko ulionyolewa majani. Mwaka 1999 Tiger Woods aliupiga mpira ukatua salama penye majani laini, kisha ukarudi nyuma ukiviringika hadi majini. Adhabu ya namna hiyo haimfundishi mchezaji kitu. Nadhani Ballesteros alichora kwa macho ya mtu aliyezoea kujitoa katika kila shida.

Alister MacKenzie, kwa upande wake, alikuwa daktari, wala hakupata kuwa mchezaji wa kulipwa. Naye ndiye aliyechora Augusta, kule Marekani, pamoja na Bobby Jones. Tom Morris wa Uskoti alishinda mashindano makuu ya Uingereza mara 4, lakini alikuwa pia mtunza kiwanja cha St Andrews. Mimi husadiki kwamba ufundi wake wa kuchora ulitoka zaidi katika reki kuliko katika vikombe.

Sasa geuka ukitazame kiwanja cha Nakuru, penye mteremko wa Menengai. Mji huu u zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, mpira huruka mbali kuliko Mombasa, na kwa hiyo umbali ulioandikwa kwenye kadi humdanganya mgeni. Udongo wa volkeno hunywa maji upesi. Majani ya kikuyu yakiachwa marefu huumeza mpira. Bingwa asiyeyajua haya atatuchorea kiwanja cha nchi nyingine, nasi tutamwagilia makosa yake miaka mingi, katika bonde ambalo maji hayatoshi.

Basi ukipata nafasi, mtazame mzee wa miaka 70 akicheza: je, ameachiwa njia ya kupita? Kisha mwulize mtunza majani maji yatoka wapi. Jina la mchoraji uliza baadaye.