Kanisa na Mlango Wake

Watu wengi husifu kanisa kwa mnara wake, na bati lake, na sauti ya kengele yake. Sifa hizo si mbaya, lakini hazitoshi. Yafaa tuulize neno moja tena: mtu asiye mshiriki wa kanisa hilo, akipita njiani na shida yake, apata nini humo? Kwa kipimo hicho nataka kulitazama kanisa moja la mtaa katika mji wa London, liitwalo St Martin-in-the-Fields, nipate kusema lipi limefanywa vema na lipi la kutilia shaka.

Jina lake maana yake ni Mtakatifu Martin wa Mashambani, kwa kuwa zamani mahali pale palikuwa nje ya mji. Leo hapana shamba. Ni kando ya uwanja mkubwa wa Trafalgar. Huyo Martin alikuwa askari wa Kirumi. Husimuliwa ya kuwa siku ya baridi kali alimwona maskini langoni pa mji wa Amiens, akalikata joho lake kwa upanga, akampa nusu. Jengo la sasa lilichorwa na James Gibbs, likamalizika mwaka 1726.

Lakini jengo zuri laweza kusinzia. Aliyeliamsha hili ni kasisi Dick Sheppard, aliyeanza kazi hapo mwaka 1914, vita ilipokuwa imekwisha kuanza. Aliifungua milango usiku na mchana, askari waendao Ufaransa na watokao huko wapate kupumzika. Mwaka 1924 ibada yake ikasikiwa kwa redio, hata na wagonjwa vitandani. Tangu siku zake, kuwahudumia wasio na makao kumekuwa kazi ya kanisa hilo.

Hata mwaka 2008 ukamalizika ujenzi mwingine, uliogharimu paundi milioni 36. Chini ya sakafu palikuwa na kuba za kuzikia wafu, na tangu mwaka 1987 pana mkahawa humo. Sasa wajenzi wakachimba zaidi, wakaongeza vyumba vya mikutano, na vya muziki, na vya ushirika wa Wachina, na kutengeneza mahali pa kuwahudumia maskini. Juu, dirisha la mashariki likawekwa jipya, kazi ya Shirazeh Houshiary, mzaliwa wa Iran, pamoja na Pip Horne. Halina sanamu ya mtakatifu yeyote. Ni vioo vyeupe na mistari ya chuma, nayo mistari imepindwa katikati hata ikafanya kama msalaba uliotikisika. Wako wasemao dirisha hilo halifundishi kitu. Mimi naona lafundisha: msalaba uliopindwa na uzito wa shida za watu wamfaa yeye aliyelala barabarani kuliko msalaba ulionyoka uliopakwa dhahabu.

Basi, shaka yangu iko wapi? Kwanza, ni biashara. Mkahawa na tamasha za muziki huleta fedha za kulitegemeza kanisa. Bwana wetu aliwafukuza wachuuzi hekaluni. Lakini hao waliwalemea waabuduo, na hawa huuza chakula ili wengine wahudumiwe. Siwahukumu. Ila nawaonya juu ya mlango. Mwenye fedha huingia kwa mlango mpya wa vioo, na asiye na makao huhudumiwa katika nyumba ya kando, katika barabara ya Adelaide. Huenda ni kwa ajili ya utaratibu mwema. Walakini milango miwili yaweza kuzaa watu wa namna mbili, na joho la Martin lilikuwa moja.

Pili, na hili ni zito zaidi, sehemu kubwa ya fedha za ujenzi ilitoka katika mfuko wa bahati nasibu ya taifa. Bahati nasibu huchezwa na maskini pia, kwa tamaa ya kutoka katika umaskini wao. Kumpokonya mtu senti ya mkate kwa mkono mmoja, na kumpa supu kwa mkono wa pili, si sadaka kamili. Katika jambo hili singewafuata.

Hata hivyo, nikipima yote, kazi yao ni njema, maana hawakulitengeneza kanisa ili watazamwe, bali ili watu waingie. Nasi tujitazame. Hatuna milioni za paundi, lakini mlango tunao. Makanisa mangapi hufunguliwa saa mbili siku ya Jumapili, kisha hutiwa kufuli siku sita, na mjane wa jirani hana mahali pa kujikinga mvua? Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Baraza la kanisa lipangapo kununua bati jipya, lipange kwanza ni nani atakayeshika ufunguo, na ni nani atakayefunguliwa.