Jibu Liko Kwenye Shina

Septemba ikifika, kingo za mashamba na barabara za kaskazini-mashariki mwa Marekani hugeuka njano kwa maua ya jenasi ya Solidago. Mpita njia huona ua la aina moja lililotapakaa. Mjuzi wa mimea anajua kwamba hapo hapo huenda zimesimama spishi tatu au nne, na ufundi wake wa kuzitenganisha naustahi sana.

Haanzi na ua. Hulipapasa shina kutoka chini kwenda juu. Likiwa laini, lenye utando mweupe kama unga unaofutika kwa kidole, huifikiria Solidago gigantea. Likiwa na vinyweleo tangu chini, huenda ni Solidago altissima. Kisha hugeuza jani. Spishi hizo mbili zina mishipa mitatu mikuu inayofuatana kwa urefu wa jani. Solidago rugosa ina mmoja tu, wenye matawi pembeni, na uso wa jani umekunjamana. Akilifikicha jani likatoa harufu tamu kama ya shamari, hakuna haja ya lenzi: hiyo ni Solidago odora.

Baada ya Solidago, asta za zambarau ndizo zinazompima hasa. Ni za ukoo wa alizeti, kwa hiyo kinachoonekana kuwa ua moja ni kichwa cha maua mengi madogo. Symphyotrichum novae-angliae na Symphyotrichum novi-belgii hufanana mno kwa mbele, basi mjuzi hukipindua kichwa na kutazama mgongoni, kwenye vijani vya kijani vinavyokikumbatia. Vya spishi ya kwanza vina vinyweleo vyenye gundi, vinanata vidoleni. Vya spishi ya pili havinati, na ncha zake mara nyingi hupinda kwenda nje.

Mwaka 1994 mtaalamu wa mimea Guy Nesom aliziondoa karibu asta zote za Amerika Kaskazini kwenye jenasi ya Aster. Majina vitabuni yakabadilika; gundi ilibaki palepale, na aliyejifunza kwa vidole hakupoteza kitu.

Lakini ninachokithamini zaidi ni pale anaposita. Solidago huchanganya damu, na mmea mmoja waweza kubeba alama za wazazi wawili. Hapo mjuzi wa kweli huandika “Solidago” peke yake, akafunga daftari. Mimi naiamini orodha yenye majina nusu ya namna hiyo kuliko ile iliyokamilika kila mstari.