Mkanganyiko na Ujifunzaji: Mazoezi ya Kikundi cha Mufwankolo na Msomaji wa Shituru

Mwaka 1986, mjini Lubumbashi, mwanaanthropolojia Johannes Fabian alisikia msemo kwamba mamlaka huliwa mazima. Hakuuelewa. Alipowauliza waigizaji wa Kikundi cha Mufwankolo, maelezo yalitofautiana. Na kutokana na mjadala huo ukazaliwa mchezo wa kuigiza. Kisa hicho ndicho kiini cha kitabu chake Power and Performance (1990).

Ubora wa kitabu hicho ni kwamba mkanganyiko haukufichwa. Waigizaji hawakukariri matini iliyoandikwa: walikubaliana juu ya kisa, wakagawana nafasi, kisha wakatunga mazungumzo papo hapo. Anayeigiza chifu hawezi kuufafanua msemo kwa nadharia tu. Hana budi kuamua ale na nani, amnyime nani. Kwa maana hiyo, jukwaa ni ulimwengu wa kubuni unaoingiwa kwa pamoja, sawa na ule ambao leo hutengenezwa kwa kompyuta na kuitwa uhalisia pepe. Mwaka 2014 Sidney D'Mello na wenzake walionyesha kwamba mkanganyiko waweza kumfaidi mwanafunzi. Lakini sharti lake ni zito: lazima ushughulikiwe. Kikundi cha Mufwankolo kililitimiza sharti hilo kwa kubishana na kurudia.

Hata hivyo, kitabu hakikosi upungufu. Matini ya Kiswahili imechapwa pamoja na tafsiri, lakini hoja zote zimejengwa kwa Kiingereza. Hivyo wenye lugha wanabaki watoaji wa mifano, ilhali wao ndio waliofumbua fumbo.

Hapo ndipo Shituru inapohusika. Katika mtaa huo wa Likasi, ambako kiwanda cha kusafisha shaba kwa umeme kilianza kazi mwaka 1929, ajira iliwakutanisha watu wa lugha nyingi, na Kiswahili kikawa chombo chao cha kuelewana. Mwalimu anayekimbilia kusahihisha kila neno la Katanga ili lifanane na Kiswahili sanifu huua swali kabla halijaulizwa. Afadhali onyesho lisomwe kwa sauti, wanafunzi wajadiliane maana, ndipo mwalimu aseme. Kitabu cha Fabian kinastahili kusomwa darasani kwa namna hiyo hiyo: msomaji wa Shituru akiwa mfasiri, wala si mfano.