Baba Yake Gatsby

Wengi wanaosoma "The Great Gatsby", kitabu cha F. Scott Fitzgerald kilichotoka mwaka 1925, husimulia karamu, magari na nyumba kubwa ya tajiri yule karibu na New York. Sisi twapenda kumtazama mzee mmoja anayefika mwishoni tu, kwa maziko: Henry Gatz, baba yake.

Mwana wake aliitwa James Gatz, wa North Dakota, na wazazi walikuwa wakulima wasio na kitu. Siku moja, akiwa na miaka 17, aliona mashua ya tajiri Dan Cody ikitia nanga katika Ziwa Superior. Akajipa jina jipya: Jay Gatsby. Hapo mtunzi anachukua maneno kutoka Injili ya Luka, yale Yesu aliyosema hekaluni juu ya kazi ya Baba yake. Je, ni kufuru? Hatudhani. Yesu, akiisha kusema vile, alishuka Nazareti pamoja na wazazi wake, akawatii. Kijana huyu hakushuka. Na alipokwisha kutajirika alimwambia jirani yake Nick kwamba jamaa zake wote wamekufa, wakamwachia mali.

Basi mzee Gatz anatoa kitabu cha zamani cha mwanawe, hadithi ya Hopalong Cassidy. Ndani yake kijana aliandika ratiba, tarehe 12 Septemba 1906: saa ya kuamka, ya mazoezi, ya kujifunza umeme. (Hadithi ile ilichapwa mwaka 1910, hapo mtunzi alikosa hesabu.) Mmarekani akisoma ratiba hiyo atamkumbuka mara moja Benjamin Franklin, mwana wa mtengeneza mishumaa wa Boston, aliyejipangia saa za siku vivyo hivyo. Lakini Franklin, alipoanza kuandika maisha yake mwaka 1771, alimwandikia mwanawe kwanza habari za babu zao. Gatsby alishika ratiba, akauacha ukoo.

Tena si kwamba aliuacha kabisa. Azimio la mwisho katika karatasi ile ni kuwatendea wazazi vema zaidi, na miaka miwili kabla ya kufa alimnunulia baba yake nyumba. Alimpa nyumba, akamnyima jina.

Twamlaumu Fitzgerald kidogo kwa kumpa mzee huyu kurasa chache hivi. Karamuni walijaa mamia. Kaburini, penye mvua, wanahesabika kwa vidole. Mzee halalamiki. Anasoma ratiba kwa sauti, neno kwa neno, na anaonyesha picha ya nyumba ya mwanawe, iliyochakaa kwa kuonyeshwa watu.